Sindano Niliyomfichia Subilaga

Siku ile mliponiaga ofisini, binti mmoja wa ajira mpya alisimama akaniomba nimwachie neno la kazi. Nikamwambia anunue mabuti yenye soli nene na asiliamini dume lililofungwa na mtu mwingine. Mkacheka, tukala wali, mkanipa khanga na saa ya ukutani, utadhani anayestaafu ndiye anayehitaji kujua saa. Neno lile ni la kweli na silifuti. Ila nilipofika nyumbani Msasani, hapa hapa Tukuyu, nikaona nimewapunja. Kazi ya mifugo nimeifanya zaidi ya miaka thelathini katika wilaya hii, na hofu kubwa kuliko zote niliyoipata kazini haikutoka kwa ng'ombe. Naiandika kwa ajili yenu mnaobaki, maana kila mmoja wenu ana rafiki kazini, na kila mmoja ana begi la dawa.

Kwa wasionijua, naitwa Tumpe. Wafugaji waliniita Bwana Mifugo tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho, hata nilipokuwa na mimba ya miezi minane nimeng'ang'ania mkia wa mtamba. Nilizoea.

Siku ya kwanza nilifika Tukuyu mvua ikinyesha, jambo lisilomshangaza mtu yeyote wa Tukuyu. Barazani pa ofisi nilimkuta msichana amekalia sanduku la bati, mkononi ana barua kama yangu. Huyo ndiye Subilaga. Mkubwa wetu, Mzee Anyosisye, alitoka akatutazama kuanzia viatu hadi vilemba, akasema, "Niliomba mabwana mifugo wawili. Haya, ingieni mnywe chai." Chai haijapoa akaingia mfugaji kutoka Kiwira, ng'ombe wake ana siku nzima anasukuma na ndama hatoki.

Ndama alikuwa amekaa kinyume, makalio mbele. Mkono wa Mzee haukupita. Akatugeukia sisi wenye mikono myembamba. Nikaanza mimi. Ng'ombe alipokaza, mkono wangu ulibanwa mpaka nikahisi mfupa unaachana, nikauchomoa nikaanza kulia mbele ya wanakijiji wote. Subilaga akalala kifudifudi kwenye tope, akaingiza wake mpaka begani, na bila kunitazama akasema, "Gwe, wewe Tumpe, kamata kamba. Utalia jioni." Ndama alitoka mzima. Jioni nililia kama nilivyoelekezwa, na Subilaga akanipikia uji. Urafiki wetu ulianza kwenye tope lile.

Mzee Anyosisye alitufundisha mambo ambayo chuoni hayakuwamo. Sema kabla hujagusa. Usimjie mnyama kwa nyuma. Mwenye ng'ombe mwambie ukweli wakati ng'ombe bado yuko hai, kwa sababu akishakufa hakuna atakayekuamini. Kuhusu hofu alikuwa na msimamo wake: ukiona umeacha kuogopa, rudisha mabuti ofisini, umekuwa hatari. Kwa kipimo hicho mimi nilikuwa mtumishi bora wa wilaya.

Baadaye Subilaga aliolewa na Ambakisye, mkulima wa chai na ndizi huko Mpuguso, akahamishiwa kata hiyo hiyo. Mimi nikabaki mjini. Kila Alhamisi alikuja ofisini kuchukua chanjo kwenye friji, tukala maandazi, tukasimuliana kesi. Alikuwa ananizidi. Mimi nilihitaji kipimajoto kujua ng'ombe ana homa ya ndigana, yeye alitosheka kumtazama masikio. Mzee alipofariki, yeye ndiye niliyempigia simu kila nilipokwama, na hakuwahi kunibembeleza. Kama nimekosea dawa aliniambia nimekosea dawa.

Miaka michache kabla ya kustaafu kwangu, Alhamisi moja alikuja akakataa chai. Akasema chai ya ofisini imebadilika. Alhamisi iliyofuata alikuja na daftari ameandika pikipiki zilizopita mbele ya nyumba yake, rangi na saa, kurasa tisa. "Wananipima," akaniambia kwa sauti ya chini. Nikamuuliza akina nani. Akanitazama kama mtu aliyegundua kwamba aliyekaa naye ni mgeni. Baada ya hapo hakuja tena.

Nilimfuata Mpuguso. Nilimkuta amekonda, macho mekundu, anamwaga maziwa ya asubuhi nyuma ya zizi. Akasema yana sumu, na sumu imepitishwa kwenye majani ili imfikie yeye. Nilimwambia hospitali ya pale Tukuyu ina nesi wa magonjwa ya akili, twende mara moja tu, tuongee. Akasema siumwi. Nikasema basi kwa ajili yangu. Akasema, "Ni nani amekutuma?" Nilikwenda mara nne kwa wiki mbili, na kila safari nilitoka na neno lile lile, siumwi. Jirani mmoja alisema amerogwa kwa wivu wa cheo, ambacho hakuwa nacho. Watu wa kanisani walikuja kuomba, akawafungia mlango. Mimi nilirudi mjini kila mara peke yangu.

Jumanne moja asubuhi Ambakisye alinipigia. Nilipofika alinisubiri kwenye migomba kabla ya nyumba. Ni mwanamume mrefu, mpole, na siku ile alikuwa akichana jani la mgomba vipande vipande.

"Shemeji, wiki ya tatu hajalala. Jana amenishikia panga, anasema mimi siyo Ambakisye, nimevaa sura yake. Kaka zangu wanakuja Jumamosi na kamba. Wanamfunga, wanampeleka kwa mganga, huko mbele ya Kiwira."

"Usikubali, shemeji. Wakimfunga hatamwamini mtu tena."

"Sasa nifanye nini? Hospitali hataki. Nguvu sitaki." Akatazama begi langu. "Wewe una ile dawa ya kutuliza madume. Mchome moja tu. Alale, tumpakie kwenye gari, akiamka yuko hospitali. Wewe anakuamini, shemeji. Utamfikia."

Ningetaka kuandika hapa kwamba nilikataa palepale. Nilikataa mara mbili. Mara ya tatu alikuwa analia, na mimi nilikuwa namwona rafiki yangu amefungwa miguu na mikono kama mzigo. Nikapiga hesabu ya mwoga, sindano au kamba, nikachagua sindano. Nilichuchumaa nyuma ya jiko, nikavuta dawa kwenye bomba la sindano, nikakadiria uzito wake kwa macho, nikafunika sindano kwa kifuniko chake na kulitia bomba kwenye mfuko wa koti. Mikono ilitetemeka kiasi kwamba nilimwaga nyingine chini.

Hapa nieleze jambo ambalo nyinyi vijana hamkulirithi, maana Mzee alishaondoka. Kwetu bomba lililojaa halikuwa likitembea. Unalijaza mbele ya mwenye mnyama, unamwambia kilichomo, unachoma. Mnyama akikataa, unalimwaga chini pale pale. Kuwa na bomba lililojaa mfukoni ilikuwa aibu, kazi ya wezi wa mifugo. Mzee alikuwa akitupapasa makoti kama askari. Na mtu mmoja tu aliyebaki wilayani aliyepapaswa pamoja nami ni yule niliyekuwa namwendea.

Subilaga alikuwa amekaa kwenye kigoda sebuleni, ameuelekea mlango. Nikamsalimia kwa Kinyakyusa, ugonile, salamu yetu ya kuulizana kama mtu amelala salama.

"Nilale ili waingie?" akajibu.

Nikasogea. Hatua mbili, tatu. Nilikuwa naongea juu ya mvua, juu ya ng'ombe wa fulani, maneno yalitoka bila mimi kuyasikia. Akaacha kunitazama usoni.

"Mbona mkono wako hautoki mfukoni?"

"Baridi."

"Gwe Tumpe. Toa mkono."

Nikautoa mtupu. Akanyanyuka, akaweka kiganja chake juu ya koti langu, taratibu, na nikahisi anapapasa urefu wa bomba, kutoka kitako hadi kwenye kifuniko. Mungu anisamehe, nikasema, "Ni kalamu."

Hakupiga kelele, na ningeshukuru kama angepiga. Alisema tu, "Hata wewe," akanipita, akatoka nje hadi kwenye banda la ndama, akaingia na panga la kukatia majani na kukaza komeo kwa ndani.

Siku tatu zilizofuata sitaki kuzikumbuka na sina namna ya kuziruka. Hakula. Maji alikunywa yale tu aliyoyakinga mwenyewe kwa viganja kutoka kwenye bati. Nikimwita kwenye upenyo wa mbao, alinijibu mara moja tu: "Nitakufa mwenyewe kabla hamjaniua." Zamani niliogopa asipone. Sasa niliogopa kila ukimya, na humo bandani ukimya ulikuwa mwingi.

Alhamisi nilimwacha Ambakisye amekaa mbele ya banda, nikaendesha pikipiki hadi hospitalini kumtafuta yule nesi. Ni mama wa makamo, Bi Zuhura, mwenye sauti ya mtu aliyeuza dukani kabla ya kusomea unesi. Nilimweleza yote, na bomba nikalieleza. Alivua miwani.

"Dawa ya ng'ombe. Kwa mtu asiyekula. Angeacha kupumua mbele yako, mama, na wewe ungebaki umeshika mkono wake. Unalijua hilo?"

"Najua."

"Hukujua. Sasa ndiyo unajua." Akaniacha nilie, halafu akanipa kazi. Nisibishane naye kuhusu sumu, na nisimkubalie pia. Niseme ninachokiona kwa macho yangu, basi. Nisimdanganye kwa lolote, hata dogo. Asiachwe peke yake hata dakika moja, na panga litoke kama linaweza kutoka bila vita. Kamba zisikaribie pale. "Mtu akianza kutaja kufa, hatungoji apende," akasema. "Kesho saa nane mchana, kama hajatoka, tunakuja wenyewe na gari, na mtu wa ustawi wa jamii. Akibadilika kabla ya hapo, piga simu hii nije saa hiyo hiyo. Lakini jaribu atoke kwa mlango wake."

Ijumaa asubuhi mvua ilikuwa ya manyunyu. Ambakisye alikuwa amewazuia kaka zake, waliokuja usiku bila kungoja Jumamosi, kwa maneno gani sijui, ila uso wake ulikuwa umevimba upande mmoja. Nilikaa chini kwenye tope mbele ya banda, mahali ambapo angeniona kupitia upenyo. Nilivua koti nikalitupa upande wa pili wa uzio.

"Subilaga, ni mimi. Nimekuja kukwambia kitu. Jumanne nilikudanganya. Haikuwa kalamu. Ilikuwa sindano."

Ndama mmoja alikohoa ndani.

"Ilikuwa imejaa. Niliijaza mwenyewe nyuma ya jiko. Ambakisye aliniomba, lakini mkono ni wangu."

Nilisubiri. Maji yalikuwa yananiingia shingoni. Nilifikiri nimemaliza kila kitu, kwamba nimempa ushahidi aliokuwa anautafuta, na sasa nitasikia panga.

"Dawa gani?" sauti ikatoka.

Nikamtajia.

"Kiasi gani?"

Nikamtajia.

"Mjinga wewe!" Nilisikia anasogea hadi kwenye mbao. "Ungeniua! Umenikadiria kwa uzito wa zamani. Mimi sasa hivi nina uzito huo? Miaka yote hiyo hujui kukadiria uzito?"

"Nilikosea."

"Ulikosea. Kwa hiyo sikuwaza tu. Ilikuwepo."

"Ilikuwepo. Hilo uliliona sawasawa. Wewe ulikuwa mkweli, mwongo ni mimi."

"Na maziwa?"

Kumkubalia kulikuwa rahisi sana, na mlango ungefunguka. "Maziwa sijaona sumu ndani yake," nikasema. "Nayanywa kila siku. Ninachokiona ni kwamba hulali, na mikono yako imebaki mifupa. Na ninaogopa."

"Unaogopa nini?"

"Naogopa utafia humo ndani, na mimi nimekaa hapa hapa."

Mvua ilikatika ikaanza tena. Jicho lake lilikuwa kwenye upenyo, nami sikulikwepa.

"Mikono inakutetemeka," akasema hatimaye.

"Tangu Jumanne."

"Umekula?"

"Hapana."

"Umelala?"

"Hapana."

"Gwe Tumpe, wewe unaumwa." Alilisema kwa ile sauti yake ya kazini, ya kumtazama ng'ombe masikio. "Unatakiwa upimwe. Mimi siumwi. Lakini nitakusindikiza."

Panga lilitoka kwanza chini ya mlango, mpini mbele. Kisha komeo likalia, akatoka, ana majani kichwani na miguu mitupu. Nilitaka kumkumbatia, nikakumbuka kusema kwanza. Nikamwambia, "Nataka kukushika mkono." Akafikiri, akanipa vidole viwili.

Gari la Ambakisye la kuazima alilikataa. Akakubali pikipiki yangu tu. Kutoka pale hadi Tukuyu barabara ilikuwa utelezi mtupu, na nyuma yangu nilikuwa nimembeba mtu aliyesema siku tatu nyuma kwamba atakufa mwenyewe. Alikuwa amenishika kiuno. Kila kona niliogopa mikono ile itaachia. Kila daraja niliongea kwa sauti, nikimwambia sasa tunavuka, sasa tunapanda, sasa kuna lori mbele. Kwenye mlima wa mwisho alinikaza mpaka mbavu zikauma. Sijawahi kufurahia maumivu kama yale. Bi Zuhura alipotuona tumeshuka kwenye pikipiki alinigombeza kwa macho, na alikuwa na haki.

Nikapimwa mimi kwanza. Hatukuigiza. Presha yangu ilikuwa juu kiasi cha kumfanya nesi apime mara mbili, nikafunguliwa kadi ambayo ninayo hadi leo. Subilaga alikaa pembeni akifuatilia namba kama mkaguzi. Ndipo Bi Zuhura akamgeukia kwa upole akauliza, "Na msindikizaji, naye analala?"

Subilaga alinitazama. "Mwambie wewe. Sema ulichokiona tu. Usiongeze."

Nikasema. Alinisahihisha mara mbili, idadi ya siku na rangi ya pikipiki moja. Vidonge alivisoma pakiti mbele na nyuma, akatafuta tarehe ya kuisha muda, akairudia, ndipo akameza. Alilazwa, na baadaye akapelekwa Mbeya kwa wiki kadhaa.

Msidhani mambo yalinyooka. Aliporudi alikaa miezi bila kuongea na mimi. Alimsamehe Ambakisye, mimi hapana, na nilielewa, kwa sababu Ambakisye hakuwahi kupapaswa koti na Mzee. Kuna wakati aliacha dawa kwa kuwa zilimfanya mzito na kumtetemesha mikono, tukapita tena kwenye woga wote, safari hii bila mapanga, na daktari akambadilishia. Alirudi kazini kwa majukumu machache. Ugonjwa hakuwahi kuuita ugonjwa. Anasema "kipindi kile". Mimi nikaacha kumsahihisha. Anameza, hilo linanitosha. Kati yetu kulibaki kitu kama ubao ulioning'inia vibaya, tunapita chini yake kwa uangalifu.

Nanyi mnaobaki, sina kanuni ya kuwaachia. Mtu mmoja alifunguka kwa sababu nilikiri kosa ambalo sikupaswa kulifanya kabisa, na kosa hilo hilo lingeweza kumuua. Msilijaribu. Mtafuteni nesi siku ya kwanza, siyo siku ya mwisho kama mimi. Na mkiogopa, ogopeni mbele ya rafiki yenu, akiona.

Wiki mbili baada ya ile sherehe yenu, Subilaga alinipigia asubuhi. Sauti yake ilikuwa kavu.

"Siku tatu sijalala. Yale mawazo yamerudi, yako mlangoni."

Nikauliza, "Vidonge?"

"Nameza. Naona havitoshi. Njoo."

"Nimwambie Bi Zuhura?"

"Mwambie. Lakini uje wewe kwanza. Na Tumpe, usilete kitu."

Kwetu mtu hamwendei mgonjwa hivi hivi. Nilikuwa nimeshafunga sukari na kichane cha ndizi kabla hajamaliza kuongea. Nikavirudisha jikoni. Nikampigia nesi, nikaliacha koti kwenye msumari ingawa mvua ilikuwa inanyesha, nikapanda pikipiki, na njia nzima niliwaza nitakuta nini, nikiliona lile banda na ule upenyo.

Nilimkuta barabarani kabla ya kufika kwake. Alikuwa amesimama chini ya mwavuli, amevaa viatu, kadi ya kliniki ameifunga kwenye mfuko wa nailoni. Aliitazama mikono yangu kwanza, yote miwili, muda mrefu. Halafu akanitazama usoni, akapanda nyuma, akanishika kiuno.

"Twende," akasema. "Leo mgonjwa ni mimi."